Benchi la Mke Mwenza

Benchi la nyuma lina msumari uliochomoza kichwa, na siku ya kwanza niliyoingia darasani ulinichana leso kabla sijakaa vizuri. Watoto wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Nyanya amekuja kuanza chekechea." Mwenzake akamjibu, "Chekechea ni kule kwa mwembe. Huku ni gredi ya nne, amepotea." Nikawauliza shikamoo yangu iko wapi. Nikawaambia wacheke wamalize, meno yao nayaona yote, na yaliyooza nayaona pia. Wengine wakafunga midomo kabisa.

Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimekaa mahali pa mjukuu wangu, na yeye wakati ule alikuwa amelala hospitali mjini Kilifi, mkono umefungwa mpira wa maji ya dawa.

Mtoto huyu ni wa mwanangu wa kiume, anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Ngomeni na kuja nyumbani Tezo anapopata ruhusa. Mama yake alirudi kwao zamani, na hilo siliongezi neno. Mtoto nimemlea mimi. Ana jina langu, kama ilivyo ada yetu Wagiriama, mwanao akizaa msichana wa kwanza anamleta na jina lako. Kwa hivyo yeye ni mimi, na mume wangu ni mume wake. Huo ndio utani wetu. Bibi kwetu huitwa hawe, lakini huyu ananiita hawe akitaka kitu tu. Siku zote huniita mke mwenza, nami namwita hivyo hivyo.

Jioni tukikaa mkekani hujipenyeza katikati yangu na babu yake, akanisukuma kwa nyonga, akasema, "Sogea. Wewe umezeeka, kufa uniachie mume wangu."

"Utamweza? Anakoroma kama mashine ya kusaga mahindi."

"Kwani wewe unayeziba masikio ndiye unayempenda? Mimi nitakoroma naye."

Babu yake hucheka mpaka anakohoa. Huyu mzee wetu alikuwa mgema, akaanguka kutoka kwenye mnazi miaka mingi iliyopita. Mkono wake wa kulia unaning'inia tu na mguu anauburuta. Tena mdomo wake umeenda upande kidogo, kwa lile jeraha la kichwa. Mtoto alikuwa akimwiga tangu alipojua kutembea. Huburuta mguu nyuma yake uani, analegeza mkono, anapinda mdomo, anasema kwa sauti ya babu, "Mke wangu yuko wapi, yule mzuri, si yule mzee?" Mgeni akiona anashtuka. Sisi tunacheka. Mjukuu ndiye mwenye haki ya kufanya hivyo peke yake, na asipofanya mimi najua anaumwa. Nikimwona amekaa kimya hanichokozi, namshika shingo nione kama ina joto.

Ugonjwa wake ni wa damu, sikoseli. Amezaliwa nao. Daktari alinichorea kwenye karatasi, akanambia damu ya watu ni mviringo kama kifungo, na ya huyu imepinda kama mundu, basi ikifika penye mshipa mwembamba inanasa. Ikinasa, mifupa inamuuma mpaka anauma pembe ya leso yangu asipige kelele. Macho yanakuwa ya njano. Majirani wamenishauri kwa waganga mpaka wamechoka, na wengine wamesema maneno ambayo nikiyaandika hapa nitakosana na watu.

Mwaka uliotangulia aliugua sana, akakosa shule, na mwalimu mkuu akamrudisha darasa. Wenzake wakasonga, yeye akabaki na wadogo. Siku ile alilia kuliko alivyopata kulia kwa sindano. Alikuwa mrefu kuwapita wote, akawa anainama akitembea ili afanane nao. Basi alipolazwa tena, katikati ya muhula, hakuniuliza kama atapona. Aliniuliza, "Hawe, watanirudisha tena?"

Ameniita hawe. Nikajua jambo hili ni kubwa.

"Hawakurudishi."

"Mwalimu mkuu amesema asiyefuata masomo hatapanda gredi ya tano."

"Masomo nitakuletea mimi hapa."

Akanitazama. Midomo ilikuwa imepasuka kwa homa, lakini alicheka. "Wewe? Wewe hujui hata a."

"Najua a, na ninajua ilipo z. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa kwenda kuchunga mbuzi."

"Na kwenye Kiingereza utachunga nini?"

"Nitachunga kiti chako kisikaliwe."

Ndivyo nilivyofika pale, nimechanika leso, nasubiri mwalimu.

Mwalimu ni msichana wa bara, mwembamba, anatembea haraka kama aliyeacha chungu jikoni. Aliponiona alisimama mlangoni. "Nyanya, kuna shida?"

Nikamweleza. Nikamwambia mtoto hawezi kuja, lakini masikio yake yamekuja, haya hapa.

"Lakini nyanya, hii kitu haijawahi kufanyika."

"Basi leo imefanyika."

Akauma mdomo. Nadhani alitaka kucheka na aliogopa watoto. Alitoka, akaenda ofisini, akarudi na kipande cha penseli, akaniwekea mbele. "Keti tu. Lakini usiwajibie wengine."

"Nitawajibia nini, mwanangu, na mimi sijui kitu."

Baada ya muda mwalimu mkuu alipita dirishani, akatazama ndani, akapita tena, akaenda zake. Hakunifukuza.

Somo la Kiingereza juma lile lilikuwa la mkia. Mimi naliita mkia, mwalimu alikuwa na jina lake. Unachukua neno la kitendo, unalitia ing nyuma, kuonyesha mtu yumo katikati ya kufanya. Mwalimu akaandika ubaoni hop, akarukaruka kwa mguu mmoja mbele ya darasa, viatu vyake vikigonga saruji. Kisha akaandika hope, akaweka mkono kifuani akatazama juu ya dari. Nikafikiri anaomba dua. Kumbe ni kutumaini. Watoto wote wakaambiwa waruke, kisha watumaini. Na mimi nikainuka nikaruka kidogo, nimeshika leso, kwa maana nilikuwa nimekaa mahali pa mtu aliyepaswa kuruka.

Maneno yale mawili ukiyaona yanafanana kama mapacha, lakini ukiyatia mkia kila moja linakwenda njia yake. Hop inaongezewa p ya pili. Hope inanyang'anywa e. Mwalimu akaandika mengine ubaoni, tap na tape, plan na plane, na kila jozi ikawa hivyo. Mimi niliyachora. Siwezi kusema niliandika. Nilichora kama mtu anayechora mnyama asiyemjua, miguu mingapi, pembe zimeelekea wapi.

Mchana nikateremka Kilifi na daftari la mtoto ndani ya kanga.

Wodi ile ni ndefu, vitanda vimejipanga pande mbili, na wakati wa wagonjwa wengi watoto hulala wawili wawili, kichwa huku na kichwa kule. Mama au bibi hukaa ukingoni. Nilipokaa akanisukuma kwa nyonga. "Sogea, mke mwenza. Kitanda ni cha anayeumwa."

"Na mimi naumwa. Naumwa na Kiingereza chako."

Akafungua daftari. Akalitazama, akaligeuza, akalitazama tena. "Hii p umeigeuza. Imekuwa q."

"Imechoka, imelalia ubavu wa pili."

"Na hii ni nini?"

"Hiyo ni inzi alitua. Iache."

Tukaanza. Yeye alikuwa mwalimu, mimi mwanafunzi, na alinifundisha yale niliyomletea. Alisoma michoro yangu, akanieleza inasema nini, na kwa kunieleza akawa anajifunza. Lakini mimi nilikuwa mzito. Nilimuuliza kwa nini moja linaongezwa na jingine linapunguzwa, akaniambia, "Ndiyo sheria." Jibu hilo halinitoshi kwa lolote.

Mimi riziki yangu ni makuti. Nashona makuti ya kuezekea tangu nikiwa msichana. Unachukua jani la mnazi, unalikunja juu ya kijiti, unalishona kwa utepe wa miyaa, yale majani ya mkoma, unafuatisha jingine, mpaka kijiti kimejaa. Jani likiwa jembamba unaliwekea la pili, la sivyo mvua itapita. Likiwa na uti mgumu nchani, unaung'oa, kwa sababu utalizuia lisikunjike. Likiwa zima, pana, unalilaza tu. Nikayatazama yale maneno yake nikaona ni makuti.

"Hili jembamba, hop. Liwekee la pili," nikamwambia. "Hili lina uti nyuma, ile e. Ng'oa. Na hili la kusoma, read, ni pana. Laza."

"Mke mwenza, Kiingereza si makuti."

"Nijaribu."

"Run."

"Jembamba. La pili."

"Write."

"Ng'oa."

"Play."

"Laza."

Akafunua ukurasa mwingine. Kisha akasema, "See," kwa kunitega.

Nikaona e nchani, nikasema ng'oa.

"Umekosa. Hii ina e mbili, haing'olewi. Umeshonea nyumba ikavuja, mke mwenza."

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto mdogo aliyekuwa amezidiwa, na muuguzi akaja akatuomba tupunguze sauti. Ndipo tukaanza kutumia mkono. Vidole viwili, ni la pili. Vidole vikibana hewa na kuvuta, ni ng'oa. Kiganja kilicholala, ni laza. Mwalimu alipofika kwenye maneno ya namna nyingine, yale yanayomalizika kwa i na e na kugeuzwa kuwa y, tukafanya vidole viwili vilivyotanuka kama panda ya mti. Maneno hayo yalikuwa matatu. Niliyachora nikampelekea.

Akanielezea kwa kunong'ona. La kwanza ni kufunga kamba. La pili ni kulala chali, na pia ni kusema uongo. "Na hili la tatu ni lako, mke mwenza."

"Lina maana gani?"

"Kufa. Wewe uko mbele kwenye foleni."

Nikamfinya mguu, akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Asubuhi yake nilikuta kitanda cha jirani kimetandikwa shuka safi na hakuna mtu. Mjukuu wangu alikuwa amegeukia ukutani. Nilimwonyesha vidole viwili, nikamwonyesha kiganja. Hakunijibu siku nzima, nami sikumlazimisha.

Tuliendelea hivyo kipindi kizuri. Asubuhi darasani, mchana wodini, na makuti nikiyashona kwa muda uliobaki. Watoto wa darasa wakanizoea. Wakawa wananiwekea nafasi na kuniambia msumari uko wapi kama kwamba sikuujua. Yule aliyesema nimekuja kuanza chekechea alinikopesha rula. Mtoto akapata nafuu, daktari akamruhusu, na mitihani ya kufunga mwaka ilikuwa imekaribia. Nilimpeleka kwa mwalimu mkuu mwenyewe, amevaa sare iliyopigwa pasi, tukakubaliana arudi Jumatatu. Mwalimu mkuu akamwambia, "Ukifanya mtihani vizuri, unapanda na wenzako." Mtoto akatoka pale anatembea wima, urefu wake wote.

Jumatatu asubuhi tulikuwa uani, mimi na yeye na babu yake, tunakunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha. Nilikuwa nimemaliza kumsuka nywele. Babu yake akainuka kwenda kuchukua fimbo yake, akaburuta mguu kama siku zote. Mtoto naye akainuka. Mkono wake wa kulia ukalegea, kikombe kikamponyoka. Mguu ukaburuta. Mdomo ukaenda upande. Akataka kusema neno, ikatoka sauti nzito isiyo na maana.

Tulicheka.

Babu yake alianza, kwa sababu alikuwa anaigwa yeye. Alisema, "Leo umenipata kabisa, mke wangu." Nami nikasema, "Haya, chai umemwaga, utaizoa kwa ulimi." Tulicheka mpaka yeye akakaa chini mchangani, upande mmoja, kama gunia lililokatwa kamba, na jicho lake moja likanitazama na jingine halikunitazama. Katika uso ule hamkuwa na mchezo. Babu yake aliona kabla yangu. Aliangusha fimbo.

Daktari alisema ni kiharusi. Damu ile ya mundu imenasa kichwani. Nilidhani kiharusi ni cha wazee, akanambia huwapata pia watoto wenye ugonjwa huu. Nilimuuliza kuhusu ule muda tuliocheka. Akanambia, "Mama, mlimleta upesi kuliko wengi." Nikamshukuru. Mume wangu hakutaka kujua daktari amesema nini juu ya hilo. Tangu siku ile hainuki mbele ya mtoto. Anakaa kwenye kiti chake asubuhi mpaka mtoto aingie ndani, hata haja ikimbana. Hataki amwone akiburuta mguu.

Wakati wa mitihani mtoto alikuwa wodini, hasemi, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine aliyekisahau. Nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Alisimama kunipokea, akanivutia kiti, akanipa pole kwa adabu, siwezi kumsingizia. Nikamkumbusha maneno yake.

"Mama, nakumbuka. Lakini atafanyaje mtihani?"

"Kichwani yumo bado. Masomo yote nimempelekea."

"Sikatai. Lakini aliyehudhuria ni wewe, si yeye. Wewe nikikupandisha gredi ya tano, itamsaidia nini?"

Mimi nina jibu kwa kila mtu hapa Tezo, waulize. Siku ile nilikaa nikitazama viatu vyangu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna shule za bweni za watoto kama hawa, mbali kidogo, wana walimu wao waliosomea.

"Watoto kama hawa wapi? Huyu ni wa hapa. Benchi lake liko pale, mimi nimelikalia mwenyewe."

Tuliongea sana. Mwisho alikubali arudi, lakini gredi ya nne, mara ya tatu sasa. Tena kwa sharti kwamba mtu wa nyumbani akae naye, kwa kuwa mwalimu hawezi kuacha darasa zima akamshike mtoto mmoja mkono. Nikarudi nyumbani nikamwambia mtoto. Alikuwa amekwisha toka hospitali, amekaa mkekani ameegemea ukuta. Alinisikiliza. Machozi yakatoka kwa jicho moja, lile la upande mzima.

Januari tukaanza. Wenzake wa zamani walikuwa gredi ya sita, wenzake wa juzi gredi ya tano, na darasani kwetu kulikuwa na watoto wageni, wadogo, sare zao bado zina mikunjo ya dukani. Nilimshika kiunoni tukaingia. Tulikaa benchi la nyuma, mimi upande wa msumari. Aliandikia mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazopanda mlima, na zikimshinda namalizia mimi. Alitoa sauti chache, za kutaka maji na za kutaka kutoka. Jina langu, ambalo ni lake, hakuwa analiweza.

Kilichoniumiza mimi si mkono. Mkono nimeuzoea, nimeishi na mwanamume mwenye mkono wa namna hiyo nusu ya maisha yangu. Kilichoniumiza ni kwamba hakunitania. Nilimchokoza. Nilimwambia nimelala na mume wake, nimemaliza mihogo yake yote, nitamzika mimi. Hata jicho hakuinua. Usiku namshika shingo kutafuta joto, na joto halipo.

Ukafika muhula wa pili, na mwalimu yule yule akafika tena kwenye mkia. Akaandika hop, akarukaruka kwa mguu mmoja. Akaandika hope, akaweka mkono kifuani. Watoto wakaruka. Sisi wawili tulikaa.

Kisha akaandika run. Akauliza nani anajua. Mmoja akasema hivi, mwingine vile, wote wamekosa. Nikahisi kitu kinagusa goti langu. Nilitazama chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetoka juu ya dawati, na vidole viwili vimesimama.

Nikainua mkono wangu. Mwalimu akasema, "Nyanya, tulikubaliana usimjibie."

"Sijamjibia. Tazama mkono wake."

"Anataka kwenda nje?"

"Anakujibu. Ni la pili. N ya pili."

Mtoto mmoja mbele akasema, "Nyanya amemfinya." Mwingine akasema, "Anamwonyesha chini ya meza, nimeona." Darasa likaanza kunguruma. Na mimi nilipandwa na hasira, nikataka kuwaambia habari za meno yao, lakini mwalimu alikuwa ameacha ubao na kuja mpaka kwetu. Aliinama. Akaandika write kwenye daftari letu.

Vidole vikabana hewa, vikavuta.

Akaandika read. Kiganja kikalala.

Akaandika tie. Vidole viwili vikatanuka kama panda.

Mwalimu akanitazama mimi, si yeye. "Nyanya, mimi nakuamini. Lakini hawa wameona umekaa naye, na mwalimu mkuu atauliza hivyo hivyo. Sogea kidogo. Nenda ukae pale mlangoni nimuulize akiwa peke yake."

Sikutaka. Naandika ukweli, sikutaka kabisa. Ikiwa ataanguka upande ule mbovu nani atamdaka? Ikiwa akili yake itapotea kama inavyopotea siku nyingine, katikati ya neno, akabaki mdomo wazi mbele ya watoto wale? Nilimwambia mwalimu kwamba sharti la mwalimu mkuu ni mimi nikae hapa hapa, na hapa hapa ndipo nitakapokaa. Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Ndipo niliposukumwa. Nyonga, upande wa kushoto, ule mzima, kwa nguvu zote alizo nazo. Sikujiandaa. Niliteleza kwenye mbao, msumari ukanidaka leso, ukaichana tena palipochanika mwaka jana, nikabaki nimening'inia na nusu ya makalio. Watoto wakacheka. Nilimgeukia.

Alikuwa ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya chai. Mdomo umeenda upande. Ulijaribu kufanya neno, ukashindwa, ukajaribu tena, na upande mmoja ukapanda juu kidogo. Hakuhitaji kusema. Neno lile nalijua, nimeambiwa tangu alipoota meno. Na kwa kuwa tulikuwa karibu hivyo, niliona kitu kingine, kwamba weupe wa macho yake umeanza tena kuwa wa njano. Itabidi nimpeleke hospitali kesho, au keshokutwa.

"Haya, mke mwenza," nikamwambia. "Benchi ni lako."

Nikanasua leso yangu kwenye msumari, nikasogea.